Kibanda cha Darasa la Tano

Jumanne jioni

Sibomoi. Mwalimu mkuu ameniambia leo kile kibanda cha darasa la tano kiondoke kabla ya kesho asubuhi, eti wazazi wanasema nawageuza watoto wao Wayahudi. Mimi, nisiyekosa misa!

Nimewafundisha tu kwamba Wayahudi kila mwaka, wakishavuna, hukaa vibandani siku saba kukumbuka babu zao walivyosafiri jangwani. Watoto wenyewe wakaleta fito na majani makavu ya migomba.

Mchana alikuja baba wa mwanafunzi wangu Neema, amekunja uso. Kabla hajanifokea, Neema akamwambia, "Baba, hata Yesu alisherehekea sikukuu hii."

Baba yake akatazama paa la kibanda, akatikisa kichwa, akaanza kuongeza majani. Mkulima wa Old Moshi hawezi kuvumilia paa linalopitisha mvua.

"Acha, baba!" Neema akapaza sauti. "Mwalimu kasema kupitia paa hili lazima tuone nyota, kama Wayahudi."

Akayaondoa, jani moja moja.

Naogopa, sikatai. Huenda nikahamishwa. Lakini mkuu nimeshamjibu: sikukuu ina siku saba, na leo ni ya pili.