Nusu Digrii

Dada mkubwa,

Pokea salamu zangu. Ule mgongo unakuachia usingizi siku hizi? Shemeji na watoto nawasalimu wote. Mimi mzima, kasoro meno mawili. Kaka yetu yu hai. Nalitanguliza hilo ili usome ukiwa umekaa.

Ile ndege tuliyoiunda kwa miaka minne katika banda langu la kuchomelea iliruka mwezi uliopita. Iliruka, Dada! Ila bawa la kushoto lilikuwa linazama, na Kaka alitua akiivuta kulia kwa nguvu zake zote. Tukaweka pimamaji: bawa lile lilikuwa limeinamisha ukingo wa mbele nusu digrii zaidi ya mwenzake. Dawa yake ni kulegeza boliti ya nyuma na kuushusha ukingo wa nyuma kidogo, ili bawa libebe zaidi.

Nikasema tupime tena. Kaka akaniuliza tangu lini mchomeleaji akawa mhandisi. Nikamjibu kwamba hata aliyefukuzwa chuoni si mhandisi. Hapo spana ikatua mdomoni mwangu. Nikamrukia, tukagaragazana juu ya vyuma; nikamng'ata sikio, akanikaba hadi nikaona giza. Fundi wetu wa rangi alitutenganisha kwa ndoo ya maji, akisema mafahali wawili hawakai zizi moja, sembuse banda.

Kaka akasimama juu yangu, damu ikimchuruzika shingoni. “Shusha nusu digrii. Basi.” Akaenda kunawa.

Jumamosi akaruka tena. Hata miti hajaivuka, ndege ikapinduka kushoto kama mtu aliyevutwa mkono. Bawa likachana ardhi, injini ikamfuata kitini. Nilimkatia mikanda kwa kisu, mafuta yakinitiririka mgongoni. Miguu yote miwili imevunjika, mfupa umetoboa suruali. Alikuwa akipiga mayowe, akimwita mama.

Sasa kitandani anamwambia kila daktari kwamba alikosea vipimo. Jana alinishika mkono akaniomba radhi, eti laiti angenisikiliza.

Dada, vipimo vyake vilikuwa sawa. Nilipobaki peke yangu na ile boliti, mdomo umejaa damu, niliupandisha ukingo badala ya kuushusha. Nilitaka aaibike tu, atue akiniita nimsaidie. Kumuua sikutaka. Lakini nilimwona akipanda, nikanyamaza.

Ukisoma haya nitakuwa nimeshamwambia. Njoo. Usije kunitetea, njoo ukae naye, maana mimi hatanitaka tena chumbani mle.

Wabusu watoto, na shemeji umwombe akuruhusu upesi.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda mimba