Maji ya Mjomba Yakipoa

Mshauri wangu, shikamoo. Naomba msaada, ila usinibembeleze, maana nyumbani nimebembelezwa vya kutosha.

Mimi ni fundi wa maabara kwenye karakana ya kutoa chumvi kwenye maji, na bosi wangu ni mjomba wangu, kaka wa mama tumbo moja, na kazi yetu ni hivi: maji ya chumvi tunayaweka upande mmoja wa utando, upande wa pili tunaweka polima, kitu chenye uteute kinachoyeyuka kwenye maji baridi, nayo inayavuta maji na kuiacha chumvi ilikotoka, kisha tunapasha moto, polima inashikana mabonge, tunachuja yangali moto, maji matamu yanabaki. Yangali moto, mshauri! Sasa mwezi uliopita mpira wa pampu ulipasuka kwa joto, mjomba akaamua tuyaache yapoe ndipo tuchuje, nami najua fika kwamba yakipoa polima inayeyuka tena na kupita kwenye chujio kama mwenye nyumba, maji yanatoka maangavu kumbe mzigo umo humo humo, na hapa naona haya kusema, cheti cha kwanza cha kuthibitisha kuwa maji hayo ni salama nilikisaini mimi, bila kupima, kwa sababu alisimama mlangoni akifoka, "Fanya haraka, gari linasubiri!"

Mapipa ya maji yale yako stoo ya zahanati ya wazazi, yatafunguliwa Jumatatu mbele ya wageni, na mjomba anataka nisaini vyeti vya mapipa mengine kumi. Nilipokataa alicheka: "Maji yanang'aa hivi, unataka yakusalimie?" Mama naye kanipigia simu analia, eti namvunjia udugu.

Sisaini. Anifukuze, wanisuse, sisaini! Siombi ruhusa, naomba njia.

Fundi Mkaidi

Fundi Mkaidi, marahaba.

Ukaidi wako naupenda, lakini siku ya cheti cha kwanza uliuacha wapi? Kalamu ilikuwa mkononi mwako, si mwa mjomba. Hilo linakuuma, na liendelee kukuuma kidogo, litakufaa.

Pole kwa machozi ya mama. Mwambie hujamkataa kaka yake, umekataa maji yake. Mama mzazi ataelewa ukimuuliza kama angependa kunyweshwa kitu asichokijua siku ya kujifungua.

Sasa nisikilize. Usingoje Jumatatu. Leo hii andika barua ya kufuta saini yako, mpe muuguzi mkuu mkononi, na mapipa yasitumiwe. Nakala mpelekee mjomba wewe mwenyewe, umtazame usoni. Atafoka, mwache afoke. Akimaliza, mwambie anunue mpira unaostahimili moto, maana balaa lote hili ni la mpira tu, jamani!

Na Jumatatu akiwaambia wageni kwamba maji yanang'aa, usibishane naye. Wewe mwenyewe umeniambia kwamba polima ikipata joto haijifichi. Chota glasi ya maji yake, ipashe moto palepale mezani, wote wakitazama. Yakibaki maangavu, umekosea wewe, omba radhi. Yakigeuka kama maji ya chokaa, msogezee glasi kwa mikono miwili, kwa heshima zote, umwambie: "Karibu mjomba, anza wewe."