Seva Ijipandishe au Niipandishe Mwenyewe

Chake Chake, Jumatano

Bado namfikiria yule mtoto aliyelazwa wodini. Mchana mtandao wa kwenda Unguja ulikatika, na seva yetu ya akiba hapa hospitali, kompyuta inayoshika kazi seva kuu ya Unguja ikifa, ikajipandisha kuwa kuu, ilhali ile ya Unguja ilikuwa hai. Zote mbili zikapokea taarifa za wagonjwa. Mtandao uliporudi, za Unguja zikafuta zetu mpya.

Muuguzi, Bi Time, ndiye aliyeshtuka. "Mwanangu, mbona kwa huyu mtoto pana kipimo cha dawa cha jana? Daktari kapunguza dawa mbele yangu!"

Alhamdulillahi, sindano ilikuwa haijachomwa.

Nimezima kule kujipandisha. Kuanzia leo nitaipandisha kwa mkono, nikishahakikisha ya Unguja imekufa kweli.

"Na ikifa umelala?" mkuu wangu kaniuliza kwenye simu.

"Nitaamka," nikamjibu. Usingizi wenyewe siupati.