Pumzi Iliyoniishia Njiani kwa Wakwe

Mujukuu wangu Furaha,

Sisi wa Kashebere tuko salama. Mama yako amepona kikohozi. Nasema mimi Bibi, dada yako Neema anaandika.

Tumesikia umeacha chakula cha jioni kwa sababu wenzako wa masomo huko Bukavu wanacheka miguu yako minene. Mimi nilichekwa kwa wembamba. Kabla ya arusi mama na shangazi walinifungia ndani miezi miwili ili ninone, nile bugali tu, nisibebe hata kitunga cha mboga. Siku ya kupanda kilima cha Muheto kwa wakwe, pumzi ikaniishia katikati. Shangazi akasema, “Tulikunonesha, sasa njo tukubebe?” Nikacheka mpaka nikakaa chini. Tangu hapo nilikula nikashiba, nikalima, nikatembea. Kula leo, mama.

Mimi Neema naongeza, maana Bibi hajui kusoma: hata mimi nilikuwa naacha chakula. Jioni hii nitakula naye.