Ua la Masista Limefika Milanzi

Izia, Sumbawanga
12 Machi 1988

Mume wangu, Baba Debora,

Salamu zikufikie huko Tunduma, kama kweli uko Tunduma. Sisi wazima. Mahindi yamebeba vizuri, na madukani siku hizi nyuzi za kudarizi zipo za kila rangi.

Juzi niliitwa Milanzi. Mtoto alijikata mguu kwa jembe, wakataka majani ya lile ua letu jeupe nililopewa na masista, linalokata damu. Hapa mjini sijaliona kwa mtu mwingine. Nikafika na majani yangu, nikalikuta limestawi mlangoni kwa mama wa mtoto.

"Baba yake huyu ndiye aliyelileta," akaniambia. "Mimi nilidhani ni pambo tu."

Nikatwanga majani, nikamfunga mtoto, damu ikakata. Sikuuliza baba ni nani. Lakini kwenye kiti palikuwa na kitambaa kilichodariziwa ua hilohilo, majani yake kwa uzi wa kijani niliofumua kwenye sweta lako mwaka ule maduka yalipokuwa matupu. Ni kile nilichokudarizia cha safari; wewe uliniambia kilidondoka kwenye lori lako.

Mwambie huyo mama asilimwagilie ua maji mengi, litaoza mizizi. Na ukija, pitia kwanza huko ukaangalie kidonda cha mtoto, ndipo uje unieleze ni lori gani hilo linalodondosha vitambaa vyangu Milanzi.

Ni mimi mkeo, mpaka hapo utakaponieleza,
Emerensiana