Beringi Laini za Gari la Mama

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo wewe, shemeji na watoto? Kifua cha yule mdogo kimepona? Sisi huku tu wazima, na mama ni mzima kutushinda sote. Soma umeketi, maana hasira zako nazijua.

Ulinituma nimshawishi auze lile gari lake jekundu la milango miwili, la mashindano ya zamani. Nami niliona una haki. Tangu injini ilipoanza kugonga ikazimika, akakaa barabarani peke yake mpaka jioni, roho yangu haikutulia. Basi nikaja nimeyapanga maneno, nikamkuta gereji kavaa koti la kazi la marehemu baba, injini imefumuliwa yote mezani.

Fundi alinieleza kuwa beringi zimelika, yaani vile vyuma vyembamba vinavyoukumbatia mhimili wa injini usisagike. Alishaagiza mpya, za saizi ya kiwandani. Mama akamwambia hazitafaa, kwani baba aliwahi kuuchongesha ule mhimili ukapungua, na aliyemshikia taa wakati wa kuufunga ni yeye. Fundi akacheka, akasema basi tupime, mama, uridhike. Wakalaza kiuzi cha plastiki juu ya mhimili, wakakaza zile beringi mpya juu yake, wakafungua. Kama zingeenea sawa, kiuzi kingebanwa kikatandaa, lakini kilitoka vilevile kilivyoingia: mhimili umepungua kweli, kama mama alivyosema! Fundi alishika kichwa, na tangu siku hiyo anamwita Bosi.

Wakaagiza nene zaidi, zikaja za aina mbili: ngumu zinazodumu, na laini zinazolika upesi. Mimi mjuaji nikasema ngumu. Mama aliniangalia kama mtu aliyetia chumvi kwenye chai. Akanieleza kwamba oili ikipungua, beringi ngumu itaukwaruza mhimili, na mhimili wa gari lile hautengenezwi tena popote. Ile laini italika yenyewe, nayo dukani ipo. Ndiyo sababu, akasema, siku ile aliposikia mlio alizima injini mwenyewe, akakataa kuiwasha mpaka lije gari la kuvuta.

Alizima mwenyewe, dada! Sisi tulikuwa tunamlilia mtu aliye kazini.

Walipoiwasha juzi, ikanguruma bila kugonga hata kidogo. Machozi yalinitoka, fundi akajifanya anatafuta spana.

Sasa nisikufiche. Yule mnunuzi uliyemtuma aje kuliona gari alifika Jumamosi, mama akiwa sokoni. Nilimwambia gari haliuzwi, nikamsindikiza mpaka getini. Mama hajui kama alikuja. Ukigomba, nigombeze mimi.

Ijumaa tunakuja kwenu, yeye kwenye usukani. Kaniapia kwamba nikianza kumwelekeza njia atanishusha. Ukitaka auze, mwambie mwenyewe, ila kwanza panda akuzungushe mtaa mmoja. Wabusu watoto, na shemeji asogeze gari lake. Mama anataka nafasi ya kugeuzia.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba