Mama Eliamini, Nimeihamisha Nyumba Yako

Mama Eliamini, shikamoo.

Nimeona nikuandikie mwenyewe, hata kama sijui huko uliko habari zinafikaje. Nyumba ya kusubiria uliyoihangaikia pale zahanati, ile ya vyumba viwili ambamo wajawazito walikuwa wakikaa kungoja siku zao, haipokei tena mtu. Na usiwalaumu wakubwa wa wilaya peke yao. Karatasi iliyoeleza sababu niliiandika mimi. Mimi Namsifu, uliyenifundisha kupima tumbo la mama kwa viganja kabla sijajua kushika kifaa chochote.

Ni Jumapili mchana. Nimetoka ibadani, nimekaa kwenye ngazi za nyuma ya nyumba yangu hapa Same, na upepo unavyovuma nimelazimika kuigandamiza karatasi kwa kisahani. Barua hii nimeianza mara mbili nikaiacha. Leo sitaiacha.

Unaikumbuka siku uliyoitwa kwenye kikao cha wilaya, mwaka wa mwisho kabla hujastaafu? Walitaka kuifunga nyumba kwa sababu ni mzigo. Ulivaa kile kitenge chako cha kijani, ukasimama mbele yao, ukawatajia akina mama mmoja mmoja kwa majina, mpaka sauti ikakukatika. Yule mchumi wao, kijana mpole wa watu, akakwambia, "Mama, tunakuelewa, lakini tunahitaji uchambuzi." Ukakaa. Kwenye basi la kurudi mlimani, tulipofika kwenye kona ya maporomoko, ukaniambia, "Mdogo wangu, wamenisikiliza kama mtu anavyosikiliza mvua." Nyumba waliiacha mwaka ule, nadhani kwa kukuonea huruma tu. Mimi sikuisahau aibu ile. Ilikuwa yako, lakini niliibeba.

Kisha ukastaafu, mimi nikahamishiwa ofisini hapa mjini, kumsaidia mratibu wa afya ya mama na mtoto. Na kabla mwaka haujaisha, kiharusi kikakuchukua ukiwa unapalilia maharage. Tulikuzika kwenye migomba, upande ule unaotazama bonde. Kwaya yako iliimba vibaya siku ile, kila mtu alikuwa analia.

Miezi michache baada ya msiba likaja tangazo la mafunzo. Walitaka wauguzi na wakunga wajifunze uchambuzi wa uchumi katika huduma za mama na mtoto. Wenzangu walikimbia. Mimi, na unajua hesabu zilinishinda tangu shule, nilijiandikisha wa kwanza. Nilijisemea, hiki ndicho walichomwambia Mama Eliamini hana. Nitakwenda kukichukua.

Mwalimu wetu aliitwa Rehema, mama mmoja mfupi kutoka Dar, mwenye subira ya ajabu. Siku ya kwanza nilifuta jedwali zima la kompyuta kwa kidole kimoja, nikatoka nje nikalia nyuma ya ukumbi kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Alinifuata, hakunibembeleza. Alisema, "Wewe umewahi kuamua nani apande gari kwanza, wakiwa wawili na gari ni moja?" Nikasema mara nyingi. Akasema, "Basi uchumi unaujua. Tunachokufundisha hapa ni kuuandika ili na mwingine auone."

Mama Eliamini, ungempenda. Alitufundisha kwamba gharama si ile iliyo kwenye risiti tu. Mama akikaa siku nane akingoja uchungu, kuna shamba ambalo halikulimwa, kuna mtoto aliyeachwa kwa jirani, kuna mume aliyefunga kibanda chake. Hayo nayo huandikwa. Na kwa kila tunachokinunua, tuulize, badala yake tungeweza kufanya nini, na nani angepona. Nilipomsikia nilikuona wewe, unavyokaa na mama mkwe wa mtu kwenye benchi, unamuuliza ng'ombe kamwachia nani.

Kila mmoja alitakiwa achague huduma moja ya kwao aichambue mpaka mwisho. Nikachagua nyumba yako. Nilikwenda kukushindia, sikwenda kutafuta jibu. Hilo nakiri.

Nikapanda mlimani kwa mume wako, Mzee Eliakimu, nikamwomba madaftari yako. Yalikuwa yote kabatini, yamefungwa kwa kamba. Nikamwambia, "Nakwenda kuitetea nyumba ya mama." Akanipa bila kuuliza, na akanifungia ndizi za kubeba.

Nilijua unaandika, lakini sikujua unaandika kiasi kile. Kila mama, katoka kitongoji gani, kakaa siku ngapi, nani kampikia, kajifunguaje. Na kwa wale uchungu ulipoharibika, uliandika saa uliyopiga simu na saa gari lilipofika, na saa walipopokelewa kule chini kwenye kituo cha afya chenye chumba cha upasuaji. Hukuruka hata mmoja. Nikaziingiza saa zako kwenye jedwali, mstari baada ya mstari, na kadiri nilivyoendelea ndivyo nilivyozidi kutamani kuacha.

Kwa sababu jibu lilikuwa pale, kwa mwandiko wako. Nyumba yako iliwatoa akina mama kwenye vitongoji na kuwaleta zahanati. Lakini zahanati haipasui mtu. Waliojifungua salama, wengi wangejifungua salama hata kama wangekuja siku ya uchungu wenyewe. Na wale waliopata shida, walikuwa bado wana barabara yote ya kuteremka, pamoja na tope lake na gari lake moja. Nyumba ilikuwa inafupisha njia fupi, na ile ndefu inaiacha ilivyo.

Ulikuwa unajua? Swali hili ndilo linaloniuma. Kwenye ukurasa wa Nakijwa, mmoja wa hao walioteremshwa, uliandika: amepigiwa simu ya gari saa nne asubuhi, gari limefika saa tisa, mtoto hakulia. Chini yake umechora mstari mmoja, umekandamiza kalamu mpaka karatasi imechanika. Hakuna ukurasa mwingine wenye mstari kama ule.

Nilikwenda kumtafuta Nakijwa. Nilimkuta anaosha tangawizi ya kupeleka sokoni. Nikamweleza kazi yangu. Akaendelea kuosha, kisha akasema, "Mama Eliamini alinikanda mgongo njia nzima, na yeye mwenyewe alikuwa anatapika kwa zile kona. Sina la kumlaumu. Ila kama ningekuwa tayari niko chini..." Hakumalizia. Mimi nami sikumwomba amalizie.

Nitakuambia na hili, maana ulikuwa hupendi kufichwa. Kwa siku tatu nilifikiria kuiondoa safu ya saa kwenye jedwali langu. Bila safu ile, nyumba yako ilionekana nzuri. Nilimwuliza Mwalimu Rehema kama ninaweza kuiondoa, nikamdanganya kwamba takwimu zake hazijakamilika. Akanitazama. "Ukiiondoa, jibu linabadilika?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi ndiyo safu yenyewe." Safu ikabaki.

Nikasimama kwenye kikao kilekile, ukumbi uleule, mchumi yuleyule sasa ana mvi kidogo. Wenzake walidhani nimekuja kuwaomba waiache. Nikawaambia ihame. Isifungwe, ihame. Ijengwe chini, ubavuni mwa kituo cha afya, na ipokee wale tunaowaona mapema kwamba wako hatarini: waliopasuliwa zamani, wenye presha, wenye mapacha, walioko mbali kabisa. Zahanati ibaki na kliniki na wanaojifungua salama. Nikawaonyesha kwamba kuifunga tu kusingeondoa mzigo, kungeuhamishia migongoni mwa familia. Mmoja akasema, "Kumbe marehemu alikuwa anakosea miaka yote." Nikamjibu, "Marehemu ndiye aliyeandika kila kitu mnachokisoma hapo. Bila yeye, mimi na wewe tungekuwa tunabahatisha." Mchumi akawa wa kwanza kuinua mkono kuniunga.

Nilidhani nitafurahi. Nilishuka ngazi za jengo lile nikijiona nimekuzika mara ya pili.

Mzee Eliakimu alipopata habari aliacha kuitikia salamu yangu. Nilikuwa nikipanda kuabudu kanisani kwenu, naamkia, "Shikamoo, Mzee," naye anaangalia kofia yake. Nilimpa sababu ya kunidhania mwizi. Nilichukua madaftari yako kwa maneno mengine na nikayatumia kwa mengine. Kwa hilo alikuwa na haki.

Halafu nikapata pigo ambalo nilistahili. Nyumba mpya ikajengwa, safi, bati jipya, vitanda na vyandarua, na akina mama hawakuja. Mwezi wa kwanza hakuna mtu. Wa pili, mmoja, akatoroka baada ya siku mbili. Yule mchumi akanipigia simu, kwa upole wake uleule, kuniuliza jedwali langu lilisemaje kuhusu nyumba tupu.

Nikapanda tena mlimani, safari hii bila kompyuta. Nikakaa nao. Wakaniambia chini kuna joto, kuna mbu, na hawamjui mtu. Mmoja akasema, "Kule juu, Mama Eliamini alikuwa akitusalimia kwa Chasu, lugha yetu ya Kipare, na mama yangu alikuwa ananiletea makande yakiwa bado ya moto. Huko kwenu nani ataniletea?" Mwingine akasema hawezi kumwacha mtoto wake wa miaka miwili. Nilikuwa nimeandika siku zao, mashamba yao, nauli zao. Sikuwa nimeandika kwamba ulikuwepo wewe. Ulikuwa humo kwenye nyumba ile, unafanya kazi ya watu wanne, na kwa kuwa hakuna aliyekulipa kwa ajili ya hiyo, nami niliyekaa na wewe miaka yote ile nikakuruka.

Nisamehe kwa hapo. Kwa kuihamisha nyumba siombi msamaha, ila kwa hapo naomba.

Nikarudi nikaifanya kazi upya. Tukaongeza jiko, na chumba cha msindikizaji na mtoto mdogo. Akina mama wa kanisa lako wakakubali kushusha mahindi na maharage kila siku ya soko, kwenye magari yaleyale yanayoshusha tangawizi, na mjamzito anakaa mbele na dereva. Na kituo kikaajiri mhudumu anayezungumza Chasu, binti wa kutoka Ndungu, huko tambarare, ambaye mama yake ni wa mlimani. Anachekwa matamshi yake, lakini wanamzoea.

Wa kwanza kukaa mpaka mwisho alikuwa Nakijwa. Ndiyo, alibeba tena. Alikuja na mama mkwe wake na sufuria lao wenyewe, maana hawakuliamini la kituo. Alikaa wiki moja. Uchungu ulipokuja, mtoto akagoma kushuka kama yule wa kwanza, na safari hii hatukupiga simu ya gari. Tulimsukuma kwenye kitanda, tukakatiza uwanja, nikiwa nimemshika mkono. Nilisimama nje ya mlango wa upasuaji na mama mkwe. Mtoto akalia. Wa kike, sauti kama ya kwaya nzima. Mama mkwe alikaa chini palepale sakafuni akaufunika uso kwa khanga.

Usitegemee kwamba amepewa jina lako. Amepewa la bibi yake, kama inavyotakiwa kwetu.

Mzee Eliakimu alikuja kuitazama nyumba mwezi uliopita. Hakuniambia kwamba anakuja. Nilimkuta barazani, ameshika fimbo, anawatazama akina mama wakichambua mchele. Nikamwamkia. Safari hii akaitikia, "Marahaba." Akaniuliza kama ungekasirika. Nikamwambia ungekasirika sana, labda siku mbili, kisha ungeanza kutugombeza kwamba jiko limejengwa upande wa upepo. Akacheka mpaka akafuta macho. Jiko kweli limejengwa upande wa upepo.

Sasa wananiita kufundisha. Wiki ijayo ninao wauguzi kumi, wengine kutoka Mwanga, na najua angalau mmoja atatoka nje kulia nyuma ya ukumbi. Nakuahidi nitamfuata. Nakuahidi nitawafundisha kuandika hata kile ambacho wangependa kisionekane, kisha waende wakamuulize mama mwenyewe wamesahau nini. Na pale penye mtu anayefanya kazi bila kulipwa, kwenye jedwali langu ataandikwa kwa jina lake.

Karatasi inaisha, na jua limefika kwenye ngazi. Pumzika, Mama Eliamini. Nilikupenda wewe zaidi ya nilivyoipenda nyumba yako, na nilitaka ulisikie hilo kutoka kwangu.

Mdogo wako,
Namsifu